Kupiga Picha za Vivutio vya Kando ya Barabara: Mwongozo kwa Msafiri wa Gari

Safari ndefu ya gari katika barabara yenye mandhari nzuri humpa mpigapicha vitu vingi kuliko anavyoweza kuvipokea kwa siku moja: daraja lililotandazwa juu ya korongo, kituo cha mafuta kilichoachwa miaka mingi iliyopita, sanamu kubwa iliyosimikwa ili kuwavuta wapita njia, bango la taa za rangi, mnara wa maji, nguzo ya kumbukumbu, au kona ambayo ghafla hulifungua bonde zima mbele ya macho. Picha nyingi za vitu hivi huwa dhaifu, na sababu yake mara chache huwa ni kamera. Mpigaji hakusimama. Alishusha kioo, akanyoosha mkono, akabofya, akaendelea na safari. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba kivutio cha kando ya barabara ni sehemu ya barabara yenyewe, na kwamba picha yake hupatikana pale msafiri anaposhuka, anapokizunguka kwa miguu, na anapoonyesha namna kinavyohusiana na njia iliyomfikisha hapo. Yaliyobaki, kuanzia ratiba hadi lenzi, yanafuata kutoka hapo.

Ratiba ifuate jua

Kabla ya kuondoka, fungua ramani na uweke alama kwenye kila kivutio unachotaka kukipiga, kisha jiulize swali ambalo vitabu vingi vya kuongoza wasafiri hukaa kimya juu yake: kivutio hiki kinatazama upande gani? Uso wa jengo unaotazama mashariki hupata jua asubuhi na kuingia kivulini mchana unapogeuka. Unaotazama magharibi husubiri alasiri. Hili linaonekana jambo dogo ukiwa nyumbani, lakini msafiri aliyeendesha saa nne na kukuta kivutio chake kikiwa cheusi mbele ya mbingu nyeupe hana cha kufanya ila kusubiri au kuondoka.

Mifano iko wazi. Daraja la Bixby, lililokamilika mwaka 1932 kwenye barabara ya pwani ya California, linaelekea Bahari ya Pasifiki upande wa magharibi, na nyuma yake kuna milima. Asubuhi milima hiyo huliziba jua, na upande wa daraja unaoonekana kutoka baharini huangazwa vizuri kadiri alasiri inavyosonga. Barabara ya Chapman's Peak nchini Afrika Kusini, iliyofunguliwa mwaka 1922 na kuchongwa kwenye ubavu wa mlima juu ya Bahari ya Atlantiki, nayo hutazama magharibi, kwa hiyo saa zake ni za jioni. Great Ocean Road ya Australia ni kisa kingine. Barabara hii ya kilomita zipatazo 240, iliyojengwa kati ya 1919 na 1932 na wanajeshi waliorejea kutoka Vita Kuu ya Kwanza, hufuata pwani inayoelekea kusini, na kwa kuwa katika kizio cha kusini jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, ile miamba maarufu iitwayo Twelve Apostles huwa inaonyesha upande wake wa kivuli kwa mtu anayeitazama kutoka baharini. Anayesimama juu ya majabali ya pwani huipata vizuri zaidi jua likiwa chini, linapochoma kutoka ubavuni na kuchora mikunjo ya mawe.

Karibu na ikweta kuna jambo la ziada la kuzingatia. Jua la mchana hupita upande wa kaskazini katika miezi ya katikati ya mwaka na upande wa kusini mwishoni mwa mwaka. Ukuta unaotazama kaskazini unaweza kung'aa mwezi wa Juni na kukaa kivulini mwezi wa Desemba, saa ileile, kwa mpigapicha yuleyule. Kwa hiyo picha nzuri ya mtu mwingine si uthibitisho kwamba wewe utaipata. Angalia ilipigwa mwezi gani.

Kujua muda uliobaki kabla ya machweo, nyoosha mkono mbele yako na ukunje ngumi. Ngumi ya mkono ulionyooshwa hufunika nyuzi zipatazo 10 za anga, na jua husogea nyuzi 15 kwa saa. Kwenye ikweta, ambako jua hushuka karibu wima, ngumi moja kati ya jua na upeo wa macho ni kama dakika 40. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta jua hushuka kwa mshazari, na ngumi hiyo hiyo humaanisha muda mrefu zaidi. Ipo pia kanuni nyepesi ya kivuli: kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, jua liko chini ya nyuzi 45, na mwanga umeanza kufaa kwa majengo na mandhari. Kikiwa kifupi kuliko wewe, shughulika na mambo mengine yaliyoelezwa hapa chini, au endesha gari, kwa maana saa hizo ndizo za kumaliza kilomita.

Sipendekezi kuweka vivutio zaidi ya viwili au vitatu vikuu kwa siku moja. Ratiba iliyojazwa sana humlazimisha mtu kufika kila mahali kwa saa isiyofaa, na kila kituo kipya hukatiza kilichotangulia.

Kusimama

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo hatari ilipo pia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dereva hapigi picha. Hili halina mjadala wala hali ya pekee: mwenye usukani hashiki kamera wala simu, hata barabara ikiwa tupu, hata gari likienda polepole. Kazi ya kutazama mbele kwa ajili ya vivutio apewe abiria, na wawili hawa wakubaliane mapema kwamba abiria atasema “kuna kitu kulia, tafuta pa kusimama”, wala si “simama!” Neno hilo la pili humfanya dereva afunge breki kabla hajatazama kioo cha nyuma. Anayesafiri peke yake apite, asome kilomita kwenye dashibodi au ataje mahali kwa sauti kwa kinasa sauti kilichokwisha kuwashwa, kisha arudi.

Kurudi ni sehemu ya kazi, wala si kupoteza muda. Mnamo Machi 1936 mpigapicha Dorothea Lange alikuwa akirejea nyumbani California baada ya kazi ya wiki nyingi, akapita kibao kilichoelekeza kwenye kambi ya wavuna njegere huko Nipomo. Alipita. Aliendelea kwa maili kama 20, yaani kilomita 32, akibishana na nafsi yake, kisha akageuza gari. Picha ya mama na watoto wake aliyoipata kambini imekuwa mojawapo ya picha zinazojulikana kuliko zote za karne ya 20. Wasafiri wengi hushindwa hapo hasa: kitu kilichoonekana kwa sekunde mbili kinakuwa kimekwisha kuachwa nyuma, na aibu ya kugeuza gari inashinda. Weka kanuni kwamba kitu kikikurudia akilini mara ya pili, gari linageuzwa kwenye mahali pa kwanza palipo salama.

Mahali salama si ukingo wowote wa lami. Ni eneo la maegesho, kituo cha kutazamia mandhari, njia ya kuingilia shamba ambayo huizuii, au ukingo mpana ulio mbali na kona na kilele cha mlima, ambapo dereva anayekuja kwa kasi anakuona mapema kutoka pande zote mbili. Barabara nyingi za utalii zimejengewa vituo hivi makusudi. Blue Ridge Parkway ya Marekani, yenye urefu wa kilomita 755, ina maeneo mengi ya kuegesha na kutazamia milima, na Norway ina barabara 18 zilizotengwa kuwa njia za taifa za utalii, ambazo sehemu zake za kupumzikia na kutazamia zilisanifiwa kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba zenyewe ni vivutio. Vitumie. Umbali wa mita mia tano kwa miguu kutoka kituo halali hadi mahali unapopataka ni bora kuliko gari lililoachwa nusu barabarani.

Ukiisha kuegesha, washa taa za dharura ikiwa uko karibu na njia ya magari, wote washuke kwa mlango usioelekea barabarani, na vaa fulana ya kuakisi mwanga unapotembea ukingoni. Ufaransa imewataka madereva kuwa na fulana hiyo ndani ya gari tangu mwaka 2008, na hata mahali ambapo sheria haiagizi hivyo, ni kitu chepesi chenye faida kubwa. Usiegeshe juu ya nyasi ndefu zilizokauka, kwa sababu bomba la moshi na kifaa chake cha kusafishia moshi huwa na joto la kutosha kuziwasha. Usirudi nyuma huku jicho likiwa kwenye kamera. Ukitaka kurudi hatua tatu, shusha kamera, geuka, tazama, tembea.

Vifaa viwe tayari kabla ya kusimama. Mpigapicha Ansel Adams alipokuwa akiendesha gari karibu na kijiji cha Hernandez huko New Mexico mwaka 1941, aliona mwezi umepanda juu ya kanisa dogo na misalaba ya makaburi ikiangazwa na jua la mwisho. Alisimamisha gari, akaharakisha kuiandaa kamera yake kubwa, na hakukiona kipima mwanga chake. Kwa kuwa aliujua kwa kichwa mng'ao wa mwezi, alikokotoa kipimo kutokana na huo, akapiga mara moja, na alipokuwa akijiandaa kupiga ya pili mwanga ukawa umeondoka kwenye misalaba. Mafunzo mawili yako hapo. La kwanza, kamera ikae mahali pa kufikika kwa mkono, ikiwa na betri iliyojaa, kadi yenye nafasi, na lenzi ya matumizi mengi ikiwa imefungwa kwenye kamera tayari. La pili, mwenye kujua vipimo kwa moyo anaweza kupiga hata mambo yakiharibika: kwenye jua kali, uwazi wa lenzi wa f/16 huendana na kasi ya shata (kilango kinachoruhusu mwanga kuingia kwenye kamera) iliyo karibu na namba ya ISO (kipimo cha hisi ya kamera kwa mwanga), yaani ISO 100 kwa sekunde 1/100 au 1/125.

Baada ya kushuka

Piga picha moja haraka ili uwe na kitu mkononi, kisha iweke kamera chini na ukizunguke kivutio chote. Ndiyo, chote, ikiwa ardhi inaruhusu. Mara nyingi upande unaotazama barabara ndio uliopakwa rangi kwa ajili ya wapita njia, ilhali ubavu na mgongo wake ndio unaosema umri wa jengo, namna lilivyoshikizwa, na nani analitunza. Unapozunguka, tazama nyuma ya kivutio kuliko kivutio chenyewe: nyaya za umeme, mapipa ya taka, magari, nguzo inayoonekana kuota kichwani mwa sanamu. Hatua moja kushoto au kupiga goti huondoa mengi ya hayo, na ni kazi ndogo kuliko kuyafuta baadaye kwenye kompyuta.

Kosa la kawaida zaidi katika picha za minara, mabango na majengo ni mistari ya wima inayoinamiana kuelekea juu, kana kwamba jengo linaanguka kinyumenyume. Husababishwa na kuinua kamera juu ili kilele kiingie. Dawa yake ni kurudi nyuma na kutumia lenzi ndefu kidogo, yaani inayovuta vitu karibu, huku kamera ikiwa imenyooka, au kupanda mahali palipoinuka. Kwenye simu, kamera kuu kwa kawaida huona upana unaolingana na lenzi ya milimita 24 hadi 26, ambao hukuza vilivyo karibu na kuvuta kingo; ukirudi nyuma na kuchagua ukuzaji wa mara mbili, jengo hurejea katika umbo lake. Washa gridi kwenye skrini ili upate mistari ya kulinganishia. Ikiwa huna pa kurudi nyuma, acha nafasi kubwa pande zote, kwa maana programu ya kunyoosha mistari hukata kingo za picha.

Vivutio vikubwa vina shida yake. Sanamu ya ndizi kubwa ya Coffs Harbour nchini Australia, iliyosimikwa mwaka 1964, au magari kumi ya Cadillac yaliyofukiwa pua chini katika shamba karibu na Amarillo, Texas, tangu mwaka 1974, huvutia kwa sababu ya ukubwa na mahali vilipo, lakini picha inayojazwa na kitu chenyewe tu huondoa vyote viwili. Mtu, mlango, au gari lililoegeshwa huipa picha kipimo. Mwenzako asisimame mbele kabisa akitabasamu karibu na lenzi. Asimame penye kivutio, kwa umbali uleule, na hapo ukubwa wake utasomeka.

Kisha ionyeshe barabara. Hii ndiyo picha ambayo watu husahau, na kwangu ndiyo ya lazima. Rudi ng'ambo mahali pa halali, au panda kilima, na uweke fremu ambamo lami, alama za barabarani, uzio na anga vinaonekana pamoja na kivutio. Lenzi pana, ikiwa chini karibu na ardhi, huirefusha njia na kuifanya iongoze jicho. Lenzi ndefu, ya milimita 135 au 200, hufanya kinyume chake: huibana mikunjo ya barabara, huisogeza milima, na huonyesha vizuri kona za kujipinda kama zile 11 za Trollstigen huko Norway au zile 48 za upande wa Prato wa njia ya Stelvio nchini Italia, iliyo mita 2,757 juu ya usawa wa bahari. Ukitumia lenzi ndefu mchana wa joto, jihadhari na mawimbi ya hewa yanayopanda kutoka kwenye lami. Hakuna lenzi inayoyashinda, na njia pekee ni kusogea karibu au kuja asubuhi.

Mwisho wa yote, sogea karibu na upige vitu vidogo: herufi zilizomenyuka rangi, kutu ya boliti, mwaka uliochongwa kwenye jiwe la daraja. Fremu tatu, yaani ya mbali, ya kati na ya karibu, zinatosha kukieleza kivutio kimoja kwa mtu ambaye hajafika.

Kuna njia mbili kuu za kutazama vitu hivi, na ni vyema kuchagua. John Margolies alizunguka Marekani kuanzia mwaka 1969 hadi 2008 akipiga mikahawa, moteli, vituo vya mafuta na mabango, na slaidi zake 11,710 sasa ziko katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Alitumia lenzi ya kawaida ya milimita 50 na filamu ya hisi ya chini kwa ajili ya rangi zilizokolea, akapendelea asubuhi yenye anga la buluu, na akaepuka magari na watu katika fremu. Bernd na Hilla Becher wa Ujerumani, waliofanya kazi pamoja kuanzia mwaka 1959, walichagua mawingu. Walipiga minara ya maji, matangi ya gesi na tanuri za chuma chini ya anga la kijivu lisilo na vivuli, kila kimoja kutoka mbele, kwa umbali na kimo kinachofanana, kisha wakazipanga picha pamoja ili tofauti za maumbo zijitokeze. Msafiri anayelalamikia mawingu angefaa ajaribu njia hii ya pili: achague aina moja ya kitu, tuseme vituo vya basi au madaraja madogo, na akipige kwa namna ileile safari nzima. Mkusanyo wa aina hiyo huwa na uzito ambao picha mojamoja hazina.

Mwanga mgumu na saa za taa

Jua la adhuhuri si adui wa kila kitu. Ndani ya korongo jembamba ndilo pekee linalofika chini. Kwenye maji ya pwani ndilo linalotoa rangi ya zumaridi. Na penye rangi kali za mabango halidhuru sana. Kichujio cha polaraiza husaidia kwa kupunguza mng'ao kwenye majani, maji na rangi, na hukoleza anga zaidi ukielekeza kamera nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Kwa lenzi pana sana usikitumie, kwa sababu anga hutoka likiwa na doa jeusi upande mmoja.

Jengo jeupe, theluji au mchanga mwepesi huidanganya kamera, ikadhani mwanga umezidi na kuitia picha giza. Ongeza kipimo cha mwanga kwa hatua moja hadi mbili (kila hatua huongeza mwanga maradufu), kisha kagua kama maeneo meupe bado yana maelezo.

Mabango ya neoni yana saa yake, na ni fupi. Yakipigwa mchana huonekana mirija mitupu, na usiku wa manane huelea katika weusi bila jengo wala barabara. Muda mzuri ni baada ya jua kuzama, wakati anga bado ni la buluu nzito na mwanga wake umekaribiana na ule wa bango. Karibu na ikweta utusitusi huo hudumu dakika zisizozidi 25 hivi; katika latitudo za juu wakati wa kiangazi unaweza kuwa mrefu sana. Fika mapema, weka tripodi (stendi ya miguu mitatu), na upige kila baada ya dakika mbili kadiri anga linavyozama, kwa kuwa ni vigumu kujua papo hapo ni fremu ipi iliyosawazika. Pima mwanga kwa kuangalia mirija yenyewe ili rangi isiungue ikawa nyeupe.

Taa hizi pia hupepesa. Umeme wa hezi 50 huzifanya ziwake na kufifia mara 100 kwa sekunde, na wa hezi 60 mara 120. Ukitumia kasi kubwa ya shata utapata bango lililokatika herufi au lenye mistari. Teremka hadi 1/50 au 1/25 kwenye mfumo wa hezi 50, na 1/60 au 1/30 kwenye ule wa hezi 60. Mabango yenye herufi zinazowaka kwa zamu huhitaji sekunde moja au mbili ili yakamilike.

Katika utusitusi huohuo, ukiwa kwenye sehemu ya juu inayotazama kona, unaweza kuchora barabara kwa taa za magari: tripodi, ISO 100, f/8 au f/11, na shata iachwe wazi kwa sekunde 10 hadi 20. Subiri gari lianze kuingia ndani ya fremu ndipo ufungue.

Picha kutoka ndani ya gari

Nimesema picha hupatikana kwa kushuka, na bado kuna njia ambazo haziruhusu kusimama kabisa: madaraja marefu, barabara kuu za kasi, mapito ya milimani yasiyo na ukingo. Hapo abiria apige, huku amefunga mkanda. Gari la kilomita 80 kwa saa husogea mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo kwa shata ya 1/60 linakuwa limesogea zaidi ya sentimita 35, na kwa 1/1000 sentimita 2 tu. Tumia 1/1000 au zaidi, elekeza kamera mbele au kwa mshazari badala ya ubavuni moja kwa moja, na kubali kwamba nyasi za karibu zitafutika ilhali milima ya mbali itatulia.

Safisha kioo ndani na nje kabla ya safari. Sogeza lenzi karibu kabisa na kioo bila kukigusa, maana mtikisiko wa gari hupita humo, na funika dashibodi kwa kitambaa cheusi ili isiakisi. Usitumie polaraiza kupitia vioo vya pembeni: vioo hivyo vilivyokazwa kwa joto huonyesha mabaka na mistari ya ajabu kupitia kichujio hicho.

Watu, mali na sheria

Kivutio kikiwa kando ya barabara ya umma hakiwi cha umma kwa sababu hiyo. Uzio ni uzio. Kuna mwenye kituo cha mafuta kilichoachwa, na mara nyingi anaishi jirani. Kumtafuta na kuomba ruhusa hufungua milango na pia hadithi ya mahali. Katika nchi nyingi ni marufuku kupiga picha maeneo ya kijeshi na vituo vya mipakani, na katika baadhi hata madaraja, mabwawa na viwanja vya ndege. Uliza kabla ya kuingia nchi usiyoijua.

Picha yenyewe nayo inaweza kuwa na mipaka kisheria. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, huruhusu kupiga na kuchapisha picha za majengo na za sanamu zilizowekwa mahali pa umma kwa kudumu. Ufaransa, kwa sheria ya 2016, hutoa ruhusa ya aina hiyo kwa watu binafsi wasiofanya biashara tu. Kwa mfano, Mnara wa Eiffel, uliokamilika mwaka 1889, hauna kizuizi mchana, lakini taa zake za usiku ni kazi ya sanaa inayolindwa na hakimiliki. Anayepiga kwa ajili ya albamu yake hana shida; anayetaka kuuza achunguze kwanza. Droni nazo zina sheria zake: tangu mwaka 2014 Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani imezipiga marufuku katika maeneo inayoyasimamia, na Blue Ridge Parkway ni mojawapo.

Kuhusu watu, nairudia picha ya Nipomo. Lange hakumuuliza yule mama jina lake wala historia yake. Jina lilijulikana kwa umma mwaka 1978, zaidi ya miaka 40 baadaye, na mama huyo alieleza wazi kwamba picha ile haikumletea faida na kwamba alitamani isingepigwa. Sisemi hili kuishusha kazi ile. Nasema kwa sababu msafiri hupita, na anayepigwa picha hubaki hapohapo na maisha yake. Salimu kwanza, eleza unachofanya, omba, uliza jina, na ukiahidi kutuma nakala, tuma. Akikataa, shukuru na uondoke na picha ya jengo.

Kulinda kamera, kulinda kumbukumbu

Kamera iliyokaa ndani ya gari lenye kiyoyozi ikitolewa ghafla kwenye joto lenye unyevu, lenzi hufunikwa na mvuke kwa dakika nyingi. Iache ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto la nje, au zima kiyoyozi kilomita kadhaa kabla ya kufika. Usiiweke simu juu ya dashibodi penye jua. Itajizima yenyewe kwa joto wakati unaihitaji. Kwenye barabara ya vumbi, badilisha lenzi ndani ya gari, vioo vikiwa vimepandishwa na feni imezimwa.

Kila ufikapo kivutio, fremu ya kwanza iwe ya kibao chake, au ya kibao cha barabara kilicho karibu. Itakuwa maelezo ya fremu zote zinazofuata. Acha simu irekodi mahali, na ikiwa kamera haina uwezo huo, piga picha moja ya mahali hapohapo kwa simu. Hakikisha saa za vifaa vyote viwili zinalingana, hasa unapovuka ukanda wa saa, vinginevyo mpangilio wa safari utavurugika. Kila usiku nakili picha kwenye diski ya nje, na usifute kadi hadi kuwe na nakala mbili zinazokaa katika mabegi tofauti, moja ikiwa haiachwi garini. Majalada yape majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku, yakifuatiwa na jina la mahali na namba ya barabara, na andika siku hiyohiyo kile ulichoambiwa kuhusu kivutio: kilijengwa lini, na nani, na kama kuna mpango wa kukibomoa. Vitu vya kando ya barabara huhamishwa na kubomolewa mara nyingi. Yale magari ya Amarillo yenyewe yalihamishwa mwaka 1997 hadi shamba jingine kilomita chache kuelekea magharibi, na picha iliyopigwa kabla ya hapo bila tarehe wala mahali haiwezi kumwambia mtu ni shamba lipi analoliona.